Kisanduku Kilichonitapisha

Kama sasa hivi umekaa sakafuni chooni, mgongo umeuegemeza ukutani, na ukuta wenyewe unakimbia kushoto bila kusimama, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sitakueleza ugonjwa unatokana na nini. Daktari wako atakueleza, na asipokueleza muulize tena. Mimi nitakueleza ulivyonipitia, na uchafu wake wote, kwa sababu nilipokuwa sakafuni nilimtafuta mtu wa kunieleza hivyo nikamkosa. Niliowapata ni wa kunipa pole, na pole haikusimamisha ukuta.

Naitwa Zuhura. Kwetu ni Kolo, ila naishi Nkuhungu, Dodoma, na mume wangu Shabani, anayekamua na kuuza mafuta ya alizeti. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Ugonjwa ulinikuta nikiwa na miaka tisa katika kampuni ndogo iliyopanga juu ya duka la rangi, Chang'ombe. Tulitengeneza mifumo ya kusajili wagonjwa hospitalini, ya shule, ya ankara za maji. Bosi wetu tulimwita Bwana Meshaki.

Ili uelewe nilivyokuja kujichukia, lazima nikueleze kitu kimoja cha kazi yangu. Ukibonyeza jambo kwenye kompyuta, mara nyingi kinatokea kisanduku katikati ya skrini kinachokuuliza: Una uhakika? Ndiyo, Hapana. Kile kisanduku nilikuwa nakitengeneza mimi. Nilikiandika mara moja kama kijenzi kinachojitegemea, na wenzangu wakawa wanakipachika kwenye kila mfumo bila kukiandika upya, kama fremu za madirisha zinazochomelewa karakana moja kisha unaziona kwenye nyumba za mtaa mzima. Nikibadilisha kwangu, kinabadilika kote.

Na kilikuwa kinacheza. Kilishuka kutoka juu kikibembea kushoto na kulia mara nne, huku ukurasa wa nyuma yake ukirudi mbali na kufifia, ndipo kikatulia. Nilitumia wiki tatu kwenye kule kubembea. Bwana Meshaki alikuwa akiwaonyesha wateja hicho kabla ya kitu kingine chochote. "Hiki ndicho kinachouza," alisema, na mimi nilijiona fundi.

Ilianza mwishoni mwa kiangazi, ule wakati upepo wetu unaingiza vumbi mpaka kwenye meno. Tangu asubuhi sikio la kushoto lilikuwa limeziba kama limeingia maji, na ndani yake mashine ya kusaga inanguruma kwa mbali. Saa tano nikafungua mfumo wa hospitali nijaribu kitu. Kisanduku kikashuka, kikabembea, kikatulia. Chumba hakikutulia.

Dirisha, mlango, kalenda ya ukutani, vyote vilikimbia kushoto, vikarudi, vikakimbia tena. Nilishika meza, na meza nayo ilikuwa inakwenda. Nilitapika kwenye kikapu cha taka, kisha pembeni ya kikapu, kisha kwenye viatu vya mwenzangu mmoja. Ilitoka chai, ikatoka chapati, halafu yakatoka yale maji ya njano machungu ambayo hutaki kujua kwamba yamo ndani yako. Mtu mmoja akacheka: "Jana ulikuwa wapi wewe?" Kilichonikera zaidi ni kwamba aliyecheka alikuwa ananipenda. Alidhani anamtania mtu mzima wa afya.

Mlinzi alinishusha ngazi, akanitia kwenye bajaji. Nilishuka Nkuhungu nikishika senyenge za watu, miguu nimeitanua kama ndama aliyezaliwa muda huo, majirani wamekaa vibarazani wakitazama. Nilitapika mbele yao mara mbili, na hakuna aliyenyanyuka.

Alasiri ile ile akaja wifi yangu Mwajuma, dada yake Shabani, anayekaa mtaa wa pili. Aliniona nimelala ubavu kando ya ndoo. Akachungulia ndani ya ndoo, kisha akapiga kigelegele.

"Miaka sita!" alisema. "Miaka sita Mungu ametusikia!"

Nilimwambia siyo. Nilijua siku zangu. Nilimwambia ni sikio, na yeye akacheka, akasema mimba zina vituko vyake. Kesho yake alileta udongo wa kula na ukwaju. Ndugu wakapigiwa simu. Shabani akaanza kutabasamu peke yake, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona muda mrefu, na mimi, dunia ikinizunguka kitandani, nilishindwa kumwondolea. Siku ya tatu tulipima. Hakuna kitu. Mwajuma aliniangalia kana kwamba nimemwibia.

"Kama si mimba," alimuuliza Shabani, nikisikia, "ni kitu gani kinachompepesua mwanamke mchana kweupe?"

Kwenye mji unaokamua zabibu jibu halikuwa mbali. Ndani ya wiki moja nilikuwa mlevi. Zuhura wa Kolo, aliyelelewa kwa adhana na kufunga, sasa anakunywa mvinyo na watu wa ofisini kwao. Sikusikia kutoka kwa mtu mmoja. Nilisikia kwa jinsi watu walivyosalimia: salamu fupi, wakijiweka mbali na pumzi yangu.

Ninalotaka kukueleza sasa sijawahi kuliandika popote. Wiki ya pili, alasiri, nilikuwa kwenye mkeka sebuleni. Shambulio lilikuwa limepita, nimefumba macho, mdomo unanuka nyongo. Shabani aliingia akinukia mafuta. Alidhani nimelala. Nilisikia magoti yake yakilia anapochuchumaa, nikasikia joto la uso wake likinikaribia, na akavuta hewa kwa pua mbele ya mdomo wangu. Mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa nguvu. Kisha akanyanyuka, akatoka.

Kutapika nilikuwa nimeshazoea. Kule kunuswa sikukuzoea. Hata nikikumbuka leo, ngozi ya shingo inanisisimka kama nimekanyaga kitu chenye ute.

Zahanati ya kwanza walisema malaria. Ya pili walisema UTI, wakanitundikia dripu. Ya tatu walisema mawazo, wakaniuliza kama ndoa yangu ina shida. Kila mahali nilikaa kwenye mabenchi. Nilijifunza kuchagua benchi kwa ukaribu wake na mlango, kutembea na mifuko miwili ya kutapikia na kanga ya pili, na kukodolea kitu kimoja kisichotikisika, msumari au kitasa, mpaka wanite. Nilijifunza harufu ya kila chumba cha kusubiria: dawa ya sakafu, mkojo wa mtoto uliokauka, ndizi mbivu kwenye mkoba wa mtu. Nilichukia kila kitu kilichokuwa na harufu. Nilimchukia bibi mmoja kwa sababu ya mafuta yake ya nazi, na yeye ndiye pekee aliyenisogezea nafasi.

Mama yangu alikuja kutoka Kolo bila kuitwa mara ya pili. Nilipomwamkia shikamoo nikiwa nimelala, hakuitikia kwanza. Aliweka mzigo chini, akakaa sakafuni, akakibana kichwa changu katikati ya magoti yake kama anataka kunisuka, akakishika kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza baada ya majuma kadhaa kulikuwa na kitu kimoja duniani kisichozunguka. "Marahaba," ndipo akasema.

Habari za ulevi alizipata bombani siku ya pili; za kunuswa nikampa mimi mwenyewe. Hakupiga kelele. Alisubiri Shabani anawe na kukaa mbele ya chakula.

"Mwanangu, nasikia mke wako analewa."

"Ni maneno ya watu, mama."

"Na wewe ulipomnusa, ulipata nini?"

Shabani aliacha tonge mkononi. Alinitazama, akajua kumbe nilikuwa macho siku ile. Nami sikuangalia pembeni.

"Sikupata kitu, mama."

"Basi kesho mpeleke hospitali kubwa. Na kutoka hapa mpaka barabarani umshike mkono. Wale wale waliomwona akipepesuka wakuone umemshika."

Alinishika. Mkono wake ulikuwa unatoka jasho, na wangu pia. Tulipita mbele ya vibaraza vyote, na kila aliyesema "hamjambo" Shabani alimjibu kwa sauti, "Mke wangu anaumwa." Sikujua nimshukuru au nimtapikie.

Kwenye dawati la mapokezi karani, dada mmoja mwenye haraka, aliingiza jina langu na kugeuza skrini ili nithibitishe. "Soma kama ni sahihi," akasema, akabonyeza.

Kikashuka kisanduku changu. Kikabembea.

Nilitapika juu ya kibodi yake.

Foleni yote ilirudi nyuma. Mtu akasema "pombe hiyo." Shabani akaanza kufuta kwa shati lake. Karani alinyanyuka na kitambaa, nikadhani atanitukana, lakini alipoangalia skrini alisema tu kwa uchovu, "Hata mimi hiki kitu kinanichefua. Mwenzangu alipokuwa mjamzito alikuwa anageuza uso kila akibonyeza. Tumeshalalamika. Wakasema ndiyo urembo wake."

Mdomo ulikuwa mchungu na mikono imelowa, na mbele yangu kile kisanduku kimetulia katikati ya skrini, safi, kona zake za mviringo nilizozipima mwenyewe, kinaniuliza: Una uhakika? Nilikuwa sijawahi kukichukia kitu namna ile, nacho kilikuwa kazi ya mikono yangu.

Mama mmoja mfanya usafi alikuja na ndoo. Alinishika kiwiko, akamwambia Shabani abaki kwenye foleni ya daktari. "Njoo ukae kwa Yoeli," aliniambia. "Huko kuna kivuli, na hakuna atakayekukodolea macho."

Alikuwa anatania, lakini ilikuwa kweli. Yoeli alikuwa mpokea simu wa hospitali, Mgogo wa upande wa Chamwino, mtu wa miaka arobaini na kitu, haoni tangu utotoni. Chumba chake kilikuwa na meza, simu, kompyuta inayomsomea skrini kwa sauti, na benchi refu. Nilijilaza. Hakuniuliza naumwa nini. Alisema, "Karibu dada, ndoo iko chini ya dirisha," akaendelea na kazi.

Baada ya muda nikamsikia akigongagonga kibodi, kisha akaguna.

"Dada, samahani. Unaweza kuniangalizia kwenye skrini kuna nini? Imekwama tena."

Nilifunika jicho moja, nikachungulia kwa nusu sekunde, nikafunga. "Kuna kisanduku. Kinasubiri ubonyeze Ndiyo."

"Kila siku kuna kisanduku," alisema. "Na kila siku sikioni kwangu hakipo. Aliyekitengeneza nikimpata, nitamkalisha kwenye kiti hiki mchana mmoja tu."

Nilijifanya nimesinzia. Hilo nalo sijivunii.

Daktari wa masikio alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alinipima, akaniuliza kuhusu sikio kabla sijalitaja, nikaanza kulia kwa sababu tu mtu ameuliza swali sahihi. Alimgeukia Shabani. "Wagonjwa wengi wa hivi huambiwa wamelewa," alisema. "Inauma kuliko ugonjwa." Shabani aliangalia sakafu mpaka tulipotoka. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, akasema, "Nisamehe, Zuhura." Nilimwambia asubiri. Sikuwa na nafasi ya jambo hilo tumboni siku ile.

Nilianza vidonge na kuacha chumvi. Kama hujawahi kula mlenda bila chumvi, shukuru. Ni ute mtupu unaoshuka kooni wenyewe. Mama alinipikia kila siku na akala ule ule wa kwangu, mpaka leo sijui alivumiliaje. Mvua za kwanza zilinikuta nikiwa kwenye vidonge, na mashambulio yakaongezeka badala ya kupungua. Daktari akasema tuchome dawa ndani ya sikio, sindano tatu, kila moja mbali na mwenzake.

Sindano yenyewe nitakuambia ukweli: maumivu yanavumilika, kinachochukiza ni baadaye. Unalala ubavu nusu saa na umeambiwa usimeze mate. Yanakujaa mdomoni, yanatoka pembeni, yanalowesha taulo, yanapoa shavuni. Dawa nyingine inapenya na kushuka kooni, chungu kama betri. Unakaa hapo ukitoka udenda kama mtoto, na mtu mzima mwenzako anakupangusa. Mpe hiyo kazi mtu mmoja unayemwamini. Mimi nilimpa mama. Sindano ya pili, mtama ukiwa umefika magotini, mama alikuwa amerudi Kolo kupalilia, nikampa Shabani. Alinipangusa nusu saa nzima bila kugeuza uso.

Baada ya sindano hiyo nilienda kupumzika kwa Yoeli. Tulishazoeana. Alinieleza kwamba tangu mfumo mpya uje, wakubwa wanasema umemshinda. Inambidi kila mara aite mtu amsaidie kubonyeza, na sasa wanataka kumhamishia getini.

"Getini nifanye nini?" alisema. "Nikae tu, nihesabiwe kuwa nipo."

Nikasema, "Yoeli, kile kisanduku nimekitengeneza mimi."

Simu iliita. Aliipokea, akaiunganisha wodi ya wazazi, akaweka mkono wa simu mahali pake.

"Wewe?"

"Mimi."

"Miaka miwili naita watu waje kunibonyezea Ndiyo. Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

Nilidhani atanifukuza. Alinyanyuka, akavua vipokea sauti vya masikioni, akanyoosha mkono wenye vipokea sauti hivyo hewani mpaka nikavichukua. "Kaa kwenye kiti. Fumba macho. Nitafutie mgonjwa, jina lolote, uniambie yuko wodi gani."

Nilikaa. Nilikuwa mtaalamu wa mfumo ule kuliko mtu yeyote Dodoma. Sauti ilianza kusoma, nikafika kwenye jina, nikabonyeza, na najua kisanduku kilifunguka kwa sababu nilikitengeneza kifunguke. Lakini sauti iliendelea kusoma ukurasa wa nyuma yake. Orodha ya wodi. Menyu. Tarehe. Wodi tena. Nilibonyeza kitufe cha kusogea mbele mara arobaini, nikapita juu ya vitu ambavyo havikuwa vinafanya kazi tena, na kisanduku kipo mbele yangu, kimya, kimeziba kila kitu. Niliona kinyaa kwa akili yangu mwenyewe: wiki tatu za kukifundisha kubembea, na hata saa moja ya kukifundisha kusema.

"Nimeshindwa," nikasema.

"Sawa," alisema Yoeli. "Ila wewe unaweza kufumbua."

Bwana Meshaki alikuwa ameshasema nirudi kazini au niache, basi nikarudi kwa nusu siku. Kuitazama skrini zaidi ya dakika chache ilikuwa kuyaita matapishi, kwa hiyo nikaifunika kanga na kufanya kazi kama Yoeli, kwa kusikiliza, kwa sikio la kulia. Wenzangu walipita wakaniangalia. Niliandika kijenzi kile upya kuanzia mstari wa kwanza. Kisanduku kikifunguka, kiwe pale pale, kisibembee, kisishuke. Kitaje jina lake na swali lake. Kimchukue mtu ndani, na kila anaposogea azunguke humo humo kati ya Ndiyo na Hapana, huku ukurasa wa nyuma ukinyamaza kabisa. Akitaka kutoka, kitufe kimoja kimtoe. Na kikifungwa kimrudishe mahali pale pale alipokuwa amesimama, asianze safari upya. Ni mambo madogo. Yote nilikuwa nimeyasikia chuoni, nikayaona ya watu wengine.

Nilimfungulia Yoeli nakala ya majaribio, nikampigia simu. Nilisikia akibonyeza.

"Kimesema 'Thibitisha'," alisema. "Kimesoma swali. Niko kwenye Ndiyo. Nimebonyeza. Kimenirudisha nilipokuwa."

"Sawasawa?"

"Subiri, nirudie." Alirudia mara nyingi sana, na mimi nikashika simu tu.

Bwana Meshaki alikitazama kisanduku kipya kwa muda wa kupepesa jicho.

"Mbona kimekufa?"

"Kinamtapisha mtu, bosi. Na wasioona hawawezi kukitumia."

"Wangapi hao? Zuhura, nakuhurumia unaumwa, lakini usilete ugonjwa wako kwenye bidhaa. Sisi tunatengenezea watu wazima."

Watu wazima. Alikuwa anakula karanga, na ganda jekundu lilikuwa limeganda kwenye jino lake. Nililiangalia lile ganda ili nisimwangalie yeye. Nikasema sawa, nikarudi mezani kwangu. Kijenzi kilikuwa chini ya mkono wangu, na kila mwisho wa juma marekebisho yangu yalikuwa yanakwenda kwa wateja bila mtu kuulizwa. Ijumaa ile nikakiachia. Jumatatu kilikuwa kwenye hospitali, shule na ankara za maji.

Nilisubiri malalamiko. Hakuna mteja hata mmoja aliyeuliza kubembea kumekwenda wapi.

Sindano ya tatu nilichomwa zabibu zikivunwa, mji unanuka matunda yaliyochacha na nzi wamejaa. Baada yake sikio la kushoto lilizimika kabisa. Mashine ya kusaga ilibaki, watu waliokuwa upande ule wakapotea. Lakini kuta zilisimama. Kulikuwa na mazoezi bado, kutembea koridoni nikigeuza kichwa huku na huku, nikipepesuka, Shabani akiwa hatua moja nyuma. Ukifika hapo usiyaache kwa aibu. Pepesuka tu.

Hospitali ndiyo iliyomwambia Bwana Meshaki. Waliandika kumpongeza kwamba mpokea simu wao sasa anafanya kazi peke yake na hahamishwi tena. Bosi hakunigombeza. Alifanya kibaya zaidi: alifurahi. Alikuja hospitalini na mpiga picha, akanichukua na mimi. Alimkuta Yoeli mezani, akamsalimia kwa sauti ya juu kama anamsalimia kiziwi, kisha akatoa kitu mfukoni na kumvisha usoni.

"Zuhura," Yoeli aliuliza, "nimevaa nini?"

"Miwani myeusi."

"Ya nini?"

"Ya picha, ndugu yangu," alisema Bwana Meshaki. "Ili watu waelewe. Tunataka waone kampuni inavyowajali walemavu."

Yoeli aliivua, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. "Waelewe kwamba humu ndani kuna jua? Piga picha nilivyo. Na uandike aliyekitengeneza ni huyu dada, na kwamba alikosea kwanza."

"Ni kazi ya kampuni," bosi alisema.

Simu ikaita. "Samahani, nina kazi," Yoeli alisema, akatugeuzia mgongo na kuipokea.

Picha haikupigwa. Kwenye gari wakati wa kurudi Bwana Meshaki alikuwa anazungumzia kutafuta kipofu mwingine, mwenye ushirikiano. Nilimwomba asimamishe gari. Alidhani nataka kutapika, akasogea pembeni haraka kwa kuogopa viti vyake. Nikashuka, nikamwambia kazi nimeacha, nikatembea. Tumbo langu lilikuwa limetulia kabisa.

Sasa nafanya kazi nyumbani, kwa watu wachache wanaoniamini. Mashambulio hayajaisha yote. Mawili tangu mavuno, mafupi. Chumvi bado sili. Mwajuma hajaomba radhi, na siku hizi akija hukaa mlangoni na kuongea na dari.

Kipupwe kilipoingia tulikwenda Kolo kwenye harusi ya mdogo wangu. Baridi ilikuwa kali, watu wamejifunika mashuka. Tulishuka barabarani tukaanza kupanda kwa miguu, Shabani kushoto kwangu, akinieleza habari ndefu ya mtu aliyemuuzia alizeti mbovu. Sikusikia hata neno, wala sikumwambia. Alifika katikati ya habari, akanitazama usoni, akanyamaza. Akazunguka nyuma yangu, akaja upande wa kulia, akaanza ile habari tangu mwanzo.

Sikumshukuru. Sijamaliza kumsamehe, na sitakudanganya kwamba utamaliza. Lakini nilimuuliza huyo mtu wa alizeti jina lake nani, akaniambia, na tukaendelea kupanda.